WhatsApp, Telegram, Slack au hifadhi ya pamoja: maarifa ya ofisi yakae wapi?

Pampu ilisimama Jumanne saa nne asubuhi, jua likiwa kali na paneli zote zikiwa safi. Kontrola, kifaa kinachoiongoza pampu, ilikuwa imewasha taa ya kisima kikavu, ilhali maji yalikuwemo. Tulishusha kamba ikapanda imelowa. Kufikia adhuhuri foleni ya ndoo kwenye kituo cha kuchotea maji ilikuwa imepinda mpaka barabarani.

Nilikuwa katibu wa jumuiya ile ya watumia maji, na nilikuwa na hakika kwamba hitilafu hiyo iliwahi kutupata. Fundi wetu wa zamani aliwahi kueleza dawa yake kwenye kundi la WhatsApp, kwa ujumbe wa sauti usiofika hata dakika moja. Lakini fundi alikuwa amehamia mkoa mwingine na laini yake ilikuwa haipatikani. Mimi nilikuwa nimebadilisha simu. Mwenyekiti alilipandisha kundi kwa kidole, akapita salamu za asubuhi, rambirambi na picha za harusi, mpaka akachoka. Mwishowe mhasibu akauona ule ujumbe kwenye simu yake. Alipoubonyeza, simu ikamwambia faili halipo tena.

Tulikaa siku mbili bila maji. Fundi wa kukodi alifungua kisanduku cha maungio, akakuta waya wa sensa, kile kifaa kinachohisi kama maji yamo kisimani, umeliwa na unyevu hadi kuwa wa kijani. Kontrola ikikosa ishara ya sensa hudhani kisima kimekauka, nayo huizima pampu ili isiungue. Akaukwangua waya kwa kisu, akaukaza, maji yakapanda. Ilikuwa kazi ya dakika kumi, na sisi wenyewe tulikuwa tunaijua.

Tangu siku hiyo swali la wapi ofisi iweke inachokijua limenikaa moyoni. Nimelijadili na watu wa SACCOS, walimu, wahudumu wa zahanati na vijana wa asasi ndogo. Wengi wamekwama kati ya njia nne: kundi la WhatsApp, kundi au chaneli ya Telegram, programu za kazini kama Slack na Microsoft Teams, na hifadhi ya nyaraka ya pamoja, yaani Google Drive au wiki, tovuti ambayo watumiaji wenyewe huiandika na kuirekebisha. Nitazilinganisha hapa kwa mizani moja.

Tunapima nini

Ubishi mwingi niliousikia vikaoni unatokana na watu kupima vitu tofauti. Mmoja anasifu WhatsApp kwa sababu kila mtu yumo, mwenzake anailaumu kwa sababu ukitafuta kitu hukipati, na wote wawili wanasema kweli. Kwa hiyo mimi hupima mambo matano. Kwanza, nani anaweza kuingia, kwa gharama gani, na akiingia atathubutu kusema? Pili, jambo lililosemwa mwaka jana linapatikana leo kwa muda gani? Tatu, mgeni akijiunga anakuta nini, na anayeondoka anaondoka na nini? Nne, siri za watu ziko salama kiasi gani? Tano, siku huduma ikizimika mnabaki na nini mkononi?

Jambo la pili na la tatu nayapa uzito mkubwa kuliko mengine, na nisingependa kulificha hilo. Mwenye ofisi ya watu watano wasiobadilika miaka kumi anaweza kupima kinyume changu.

Kuingia, gharama na kuthubutu kusema

Hapa WhatsApp iko mbele kwa mbali. Ilianza mwaka 2009, na leo mtu anaponunua simu janja ndiyo programu anayoiweka mwanzo. Hakuna semina ya kuwafundisha watu, bando lake ni rahisi, na tangu mwaka 2022 kundi moja linabeba hadi watu 1,024. Nguvu yake kubwa zaidi naiona kwenye sauti. Fundi wetu asingeandika aya moja hata ungemlipa, lakini alishika simu juu ya mnara wa tangi akaeleza kila kitu kwa lugha yake. Maarifa mengi ya nchi hii yako kwa watu wa namna hiyo, na chombo kinachodai waandike kwanza kinawanyamazisha. Ila kundi lina aibu yake pia. Bosi yumo, wazee wamo, na kijana aliyeona kosa katika maelezo ya mkubwa ataandika "sawa mkuu" kisha anyamaze.

Telegram, iliyoanza mwaka 2013, nayo ni bure. Kundi lake linabeba hadi watu 200,000, na mtu anaweza kuchangia bila wenzake kuiona namba yake ya simu, jambo linalowapa ujasiri akina mama na vijana ambao hawapendi namba zao zizagae. Tatizo ni kwamba nusu ya ofisi itakuuliza, "Hiyo tena ni ya nini?" Wataiweka siku ya kwanza na wataisahau ya tatu.

Slack na Teams zinataka barua pepe, kompyuta na mazoea ya ofisi. Toleo la bure lipo, lakini toleo kamili la Slack hulipiwa kwa kichwa, kila mwezi, kwa dola. Asasi zisizo za faida hupewa punguzo zikiomba. Teams, iliyotoka mwaka 2017, huja pamoja na baadhi ya vifurushi vya Microsoft 365, kwa hiyo ofisi inayolipia Word na Excel za kampuni huenda tayari inayo bila kujua. Mfanyakazi wa kiwandani au wa shambani mwenye simu ndogo ataachwa nje.

Google Drive hutoa gigabaiti 15 za bure kwa kila akaunti. Wiki ni ya zamani zaidi: ya kwanza iliwekwa mtandaoni na Ward Cunningham mwaka 1995, na jina lake ni neno la Kihawaii lenye maana ya haraka. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, hii yetu ya Kiswahili ikiwemo, ni ya bure, ila inataka mtu wa kompyuta wa kuisimika na kuitunza. Ugumu wa hifadhi zote hizi ni ukurasa mtupu. Watu wanaozungumza mchana kutwa kundini hukaa mbele ya ukurasa mweupe wakakosa neno.

Kupata kilichosemwa mwaka jana

Kwenye WhatsApp unaweza kutafuta neno, na ukikumbuka neno lenyewe utalipata. Lakini watu wetu huandika "pampu", "pump", "mashine" na "ile kitu ya kisimani" kwa siku moja, na ujumbe wa sauti hautafutiki kwa neno alilolisema mtu ndani yake. Picha ya karatasi nayo hivyo hivyo. Kumbukumbu zinakaa kwenye simu ya kila mmoja, kwa hiyo simu ikijaa mtu akafuta video, amefuta na mafunzo.

Telegram inahifadhi ujumbe kwenye seva zake, hivyo ukibadilisha simu unakuta kila kitu mahali pake. Kundi kubwa linaweza kugawanywa kwa mada, na alama za reli (#) zikitumiwa kwa nidhamu hufanya kazi kama faharasa. Nimeona chama cha wafugaji wa kuku kikitumia chaneli hivyo: ugonjwa mmoja alama moja, na mfugaji akibonyeza alama ya mdondo anapata kila kilichowahi kuandikwa kuhusu mdondo. Hii ni hatua kubwa sana kwa kitu cha bure.

Slack ilibuniwa kwa kazi hii hasa. Jina lake lenyewe ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kumbukumbu inayotafutika ya mazungumzo na maarifa yote. Mazungumzo hugawanywa kwa chaneli, na jibu hukaa chini ya swali lake. Lakini tazama masharti: tangu Septemba 2022 toleo la bure huonyesha siku 90 tu za nyuma, na tangu 2024 yaliyopita mwaka mmoja hufutwa kabisa. Asasi inayotumia Slack ya bure kama maktaba inajenga kwenye mchanga.

Hifadhi ya pamoja ikitunzwa vizuri haina mpinzani hapa, na ikiachwa ovyo ni mbaya kuliko zote. Nimefungua Drive ya ofisi moja nikakuta mafaili matatu yenye majina "ripoti mpya", "ripoti mpya 2" na "ripoti mpya YA MWISHO kabisa". Siri iko kwenye kichwa cha ukurasa. Kipe jina kwa maneno ambayo mtu mwenye shida atayatafuta akiwa amechanganyikiwa. Ukurasa wetu wa kwanza tuliuita "Taarifa ya Matengenezo Na. 4" na hakuna aliyeufungua. Tukaubadilisha ukawa "Kontrola inasema kisima kikavu lakini maji yapo", na sasa hata mlinzi wa pampu anaupata. Ndani yake kuna dalili, sababu, hatua tano, picha moja ya kisanduku kikiwa wazi, jina la aliyeandika na tarehe. Ukurasa mmoja, haizidi hapo.

Mgeni anapofika, mwenyeji anapoondoka

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na maarifa ni mali.

Anayejiunga na kundi la WhatsApp kwa kawaida huanzia siku aliyoingia. Miaka mitano ya maswali na majibu haipo kwake. Atauliza upya, na wakongwe watachoka kujibu. Anayeondoka anaondoka na nakala yake yote kwenye simu yake binafsi, na chelezo yake, yaani nakala ya akiba, iko kwenye akaunti yake binafsi ya Google au iCloud. Ofisi yenyewe haina chochote.

Telegram, admin akiruhusu, humpa mgeni historia yote tangu siku ya kwanza. Kwa chama kinachopokea wanachama wapya kila msimu, hiyo peke yake inatosha kuichagua. Hata hivyo, chaneli hufunguliwa kwa namba ya mtu. Mwenye namba akigombana na uongozi, chaneli inaweza kwenda naye, kwa hiyo ifunguliwe kwa laini ya ofisi, na wawepo maadmin wasiopungua wawili.

Kwenye Slack na Teams ofisi ndiyo mwenye nyumba. Mfanyakazi akiacha kazi akaunti yake inafungwa, maneno yake yanabaki, na mgeni anapata chaneli zote zilizo wazi. Kwa taasisi yenye wafanyakazi wanaoingia na kutoka kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, sijaona njia nyepesi kuliko hii.

Google Drive ina mtego ambao watu wengi hawauoni. Faili lililotengenezwa kwenye Gmail ya mtu ni la mtu huyo, hata kama ofisi nzima inalisoma. Akifuta akaunti, limeondoka. Tena, tangu Desemba 2023 Google huweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili. Fungueni akaunti ya ofisi, au asasi isiyo ya kiserikali iombe Google Workspace, ambayo hutolewa bure kwa zilizokidhi masharti na ina hifadhi zinazomilikiwa na taasisi yenyewe. Wiki haina tatizo hili, mradi mwenye nywila ya seva asiwe mtu mmoja tu.

Siri za watu

Ujumbe wa WhatsApp umefungwa mwanzo hadi mwisho tangu 2016, maana yake kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Telegram haifanyi hivyo kwa makundi na mazungumzo ya kawaida. Ni mazungumzo ya siri ya watu wawili pekee yanayofungwa namna hiyo. Yaliyomo Slack na Drive husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa fumbo, yakiwa njiani na yakiwa yamehifadhiwa, lakini msimamizi wa ofisi au kampuni anaweza kuyafikia.

Hata hivyo, uvujaji ninaouona kila siku hautokani na wadukuzi. Ni picha ya kitambulisho cha NIDA cha mkopaji iliyotumwa kwenye kundi la watu arobaini, au jina la mgonjwa na majibu yake ya maabara. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria yake tangu 2019. Taarifa za wateja na wagonjwa zisiingie kwenye kundi lolote, la programu yoyote. Hapa sibembelezi.

Siku huduma inapozimika

Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Novemba 2024 Telegram ilifungiwa Kenya wakati wa mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza sekondari. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Na kuna kuzimika kwa moja kwa moja: Meta, kampuni yenye WhatsApp na Facebook, ilikuwa na mtandao wa ndani ya mashirika ulioitwa Workplace, uliozinduliwa 2016; ikatangaza mwaka 2024 kwamba unafungwa, na taasisi zilizokuwa zimeweka miaka ya mazungumzo humo zikaanza kuhamisha mizigo.

WhatsApp ikizimika bado unasoma yaliyomo kwenye simu yako. Telegram unasoma machache yaliyokwisha kufunguka. Slack bila intaneti haina msaada mkubwa. Nyaraka za Drive unaweza kuziwekea alama zisomeke bila mtandao, lakini lazima ufanye hivyo kabla ya shida. Zote nne zinashindwa na karatasi kwenye jambo hili.

Kila moja inamfaa nani

WhatsApp inamfaa anayehitaji jibu sasa hivi kutoka kwa mtu aliyeko shambani, wodini au barabarani. Telegram inafaa chama kikubwa kinachofundisha wengi, wasiofahamiana, kwa muda mrefu. Slack au Teams inafaa ofisi ya watu wa kompyuta wenye miradi mingi kwa pamoja na bajeti ya kudumu. Hifadhi ya pamoja inafaa kila penye jambo linalorudiwa: kufunga mahesabu ya mwezi, kusajili mwanachama, kuwasha jenereta.

Kuna ujuzi ambao hauingii popote kati ya hizo. Mwanazuoni Michael Polanyi, mzaliwa wa Hungaria, aliandika sana karne iliyopita kuhusu ujuzi ambao mwenyewe hawezi kuutamka wote. Fundi wetu alikuwa akisikiliza bomba kwa sikio na kujua kama pampu inavuta hewa. Hilo hujifunzi kwa ujumbe; unapanda naye pikipiki, unakaa naye kisimani, unaweka sikio lako pale alipoweka lake. Ofisi itenge siku za kufuatana hivyo, na nauli yake iwe kwenye bajeti.

Ukiwa katika hali hii

Kama mko chini ya kumi na mnaonana kila siku, msihangaike na programu mpya. Baki na kundi la WhatsApp, ongezeni folda moja kwenye akaunti ya ofisi, na mchague mtu mmoja ambaye kila Ijumaa anapitia kundi, anachukua majibu mawili matatu yaliyoisaidia kazi, na kuyaandika ukurasa mmoja mmoja. Sauti aisikilize na kuiandika mwenyewe, kisha amsomee aliyeisema athibitishe. Kazi hii iandikwe kwenye majukumu yake, ahesabiwe kama amefanya kazi. Ikiachwa iwe ya kila mtu, haitafanyika.

Kama watu wako wametawanyika wilayani na wengine wanajiunga kila msimu, ijaribu Telegram kwa miezi mitatu, kwa mafunzo tu. Mazungumzo ya kila siku yaache yabaki walikozoea. Ukiona baada ya miezi mitatu wanaouliza kwenye WhatsApp wanajibiwa na wenzao kwa kiungo cha chaneli, imekubalika. Usipoona hivyo, ifunge bila kinyongo.

Kama mna wafadhili, wakaguzi na wafanyakazi wa mikataba mifupi, lipieni Slack au Teams, au ombeni punguzo, lakini msianze na toleo la bure la Slack mkidhani ni hifadhi. Na kila mwisho wa mwaka pakueni kumbukumbu zenu mziweke kwenye diski.

Kama ofisi yenu inashughulika na afya, mikopo au watoto, anzeni na swali la siri kabla ya mengine yote. Hifadhi yenye ruhusa za mtu mmoja mmoja itawafaa kuliko kundi, na kundi libaki la ratiba na matangazo.

Kama nusu ya wenzenu wana viswaswadu, yaani simu ndogo zisizo janja, kama ilivyokuwa kwetu, chombo chenu kikuu ni kaunta buku linalokaa kazini na kikao cha nusu saa cha Jumatatu ambapo linasomwa kwa sauti. Mwenye simu janja alipige picha kila mwisho wa mwezi, aiweke kwenye folda ya ofisi. Na yale mambo matatu au manne ambayo yakiharibika watu wanakosa huduma, yachapeni, yafunikeni kwa plastiki, myabandike pale pale kwenye mashine. Ya kwetu imebandikwa ndani ya mlango wa kisanduku cha kontrola, kwa herufi kubwa, na chini yake kuna namba mbili za simu zinazohakikiwa kila baada ya miezi sita.